Shemeji Achagua Kisiwa

Kila Jumapili baada ya ibada, shemeji yangu huja kwangu hapa Minnesota, akavua glavu mlangoni, kisha akatandaza majarida ya visiwa vya Karibea vya kupigia mbizi juu ya meza ya jikoni. Hulowesha kidole kwa ulimi kabla ya kufunua ukurasa. “Bonaire unaingia majini kutoka ufukweni tu,” husema kwa sauti ya chini. “Kile kiitwacho Saba, maji yake yana kina kirefu. Marlys atalalamika.” Simsahihishi. Mkewe Marlys, dada yangu, tulimzika Septemba, na katika sala ya chakula mimi mwenyewe bado namtaja pamoja na walio hai. Juzi shemeji alipiga simu kituo cha wapiga mbizi cha Bonaire, akaiweka mezani tusikie sote.

“Mko wangapi, mzee?” mwanamke akauliza.

“Wawili.” Akakitazama kiti alichozoea kukalia Marlys. “Hapana. Ni mimi tu.”

“Aa, huku hatumruhusu mtu kupiga mbizi peke yake! Tutakupa mwenzako. Ila wetu wana maneno, wanabishana hata chini ya maji.”

“Hata wangu,” shemeji akasema. Akaunganisha kidole gumba na cha shahada kuwa duara, jinsi wapiga mbizi wanavyoulizana kama mwenzao yuko salama. Akauelekeza mkono kwenye kiti hicho kitupu, akangoja ajibiwe.