Soda Niliyonyimwa

Mume wangu aliwatangazia watu wote tunaofanya nao kazi hapa mtaani Katwe kwamba nina ugonjwa wa sukari. Hakuwa na ubaya. Dada yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, tukamzika kwetu Kenya hata hajazoea magongo, na tangu nilipopimwa mimi, mzee akawa haoni kitu kingine ila mguu wangu. Yeye hufua majiko ya makaa, mimi huyauza mbele ya karakana, kwa hiyo sikuweka kitu mdomoni asikione. Akawazungukia muuza mandazi, muuza soda na binti wa chai wa kibanda cha jirani: mama huyu msimpe kitu kitamu, hata akilia.

Nilichukia, tena sana. Mtu mzima mwenye wajukuu, nachungwa kama mbuzi. Na muuguzi alipobadilisha dawa alisema wazi, sote wawili tumekaa pale, kwamba vidonge vipya vinashusha sukari kwa nguvu, nisivimeze kisha nikashinda na njaa, na kati ya mlo na mlo nitafune kitu. Nikaanza kubeba karanga na kabalagala, vile vimandazi vya ndizi na mhogo. Mzee akavikuta mkobani, akawagawia vibarua wake.

"Muuguzi hakumzika dada yangu," alisema.

Siku yenyewe mzee alikwenda kutafuta mabati, akaja mteja wa Kongo anayenunua majiko kwa jumla. Nilikuwa nimemeza kidonge asubuhi kwa kikombe cha uji, na yule bwana akabishania bei mpaka chakula cha mchana kikanipita. Alipoondoka mikono ikaanza kutetemeka. Kijasho chembamba, moyo unakwenda mbio, macho yanaingia kiza. Nilijua ni nini. Nikajikokota hadi kwa binti wa chai, ambaye huweka na soda, nikamwambia anipe moja upesi.

"Mama, mzee alikataza sukali," akasema kwa upole kabisa.

Nikamtukana. Hapo ndipo nilipojimaliza, maana Katwe nzima inaujua mdomo wangu, wakadhani ni hasira zangu za kila siku. Vibarua wakacheka, leo mama kaamkia upande mbaya. Nikataka kueleza habari ya vidonge, ulimi ukawa mzito. Binti akanimiminia chai ya rangi, akanishikisha kikombe kwa mikono yake miwili.

"Nimekuwekea bila sukali, mama. Kunywa, utulie."

Nilianguka juu ya mabaki ya mabati. Nilipozinduka nilikuwa zahanati, dripu ya glukosi mkononi, mguu wa kushoto umefungwa bendeji, na mzee amekaa sakafuni karibu na kitanda, ameshika kiatu changu kilichochanika.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kidonda kile kimekataa kufunga. Vidole viwili vimeanza kuwa vyeusi, na daktari amesema sukari isiposhuka ikatulia, mguu utakatwa. Kila asubuhi, hapa nyumbani Kisugu, mzee hunisafisha kidonda, kichwa ameinamisha. Hajasema pole, nami sijamdai.

Akimaliza huniletea chai. Huitia sukari yeye mwenyewe, vijiko vimejaa hasa, akakoroga, akasimama kunitazama mpaka niimalize, asije akanikuta chini tena. Mara moja nilianza kumwambia kwamba inazidi, na kwamba daktari ameikataza. Mikono yake ikaanza kutetemeka kama yangu siku ile, nikanyamaza. Naogopa kukatwa mguu, naogopa sana. Lakini uso wake ule siuwezi.

"Imekolea?" huniuliza.

"Imekolea, baba," namjibu, na nainywa yote.