Ngoma Bila Chungu

Mpaka leo nikisikia vijana wakikimbia asubuhi huku wanaimba, naingia ndani na kufunga mlango. Nitaeleza kwa nini, taratibu, maana jambo lenyewe si gumu kulielewa. Ni mimi tu niliyechelewa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu kijana wa baiolojia katika shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Nilikabidhiwa pia michezo na chakula. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, na unga uliokuwa stoo ulipaswa kutufikisha kwenye mtihani wa kidato cha nne. Ili utoshe, wanafunzi walitunza bustani ya mchicha na matembele bondeni. Kila siku baada ya chakula cha mchana waliteka maji kwa ndoo na kuimwagilia.

Katika kidato cha nne kulikuwa na binti kutoka Nkome, ziwani. Baba yake, mvuvi, alipomleta muhula ule aliingia ofisini kwangu na akakataa kiti.

"Mwalimu, kuna watu wameleta habari ya ng'ombe wa mahari. Nimewaambia wangoje mtihani."

"Umefanya vema, mzee."

"Sijamaliza. Akirudi nyumbani kabla ya mtihani, nitajua na ninyi mmeshamaliza naye. Hatatoka tena."

Binti alikuwa mlangoni, sanduku la bati kichwani. Alisikia yote. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo.

Mchakamchaka wetu ulikuwa wa kutia huruma. Vijana walijiburuta hadi kwenye kinu cha pamba na kurudi, wakinung'unika wimbo uleule. Mimi nimekulia Ngokolo, mjini Shinyanga, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na jembe nililishika shuleni tu. Lakini nilikuwa nimewahi kuona vikundi vya vijana wa Kisukuma wakilima kwa ngoma: safu ya majembe yanayopanda na kushuka pamoja, mpigaji mbele yao, na shamba zima limekwisha kabla jua halijawa kali. Nikafikiri, kama ngoma inalimisha, itakimbiza pia. Nikaazima ngoma, nikampa mvulana mwenye mikono imara, na yule binti nikamweka mbele awaimbishe.

Kumbe ndiyo ilikuwa kazi aliyozaliwa nayo. Alitunga maneno papo hapo, huku anakimbia.

"Ninyi wa nyuma, mnakimbia au mnachunga?"

"Tunachunga!"

"Ng'ombe wako wapi?"

"Wako mbele!"

Safu nzima ikaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Siku ya tatu tulikipita kinu, tukavuka reli. Hakuna aliyelalamika. Nilirudi nimelowa jasho, nimejaa fahari.

Asubuhi hiyo waliumaliza uji na kukwangua masufuria. Mchana ugali ulikwisha kabla ya kufika meza za mwisho. Nilimwendea mpishi, mama mtu mzima aliyepika pale miaka mingi, nikamwambia aongeze unga.

"Wamekimbia vizuri, mama. Wamestahili."

Akanitazama, akaongeza. Kesho yake akaongeza tena, kwa amri yangu.

Na baada ya kula hawakuinuka. Walilala kivulini kando ya mabweni kama magunia yaliyoshushwa. Nilimkuta yule binti ameegemea ukuta, ndoo tupu pembeni.

"Mbona hamjaenda bustanini?"

"Mwalimu, asubuhi sikuchoka hata kidogo. Nimeanza kuchoka niliponawa mikono, baada ya kula."

Nilicheka. Mwalimu wa baiolojia alielezwa somo zima kwa sentensi mbili, akacheka. Wiki zilipita hivyo, ngoma asubuhi, unga zaidi mchana, usingizi alasiri. Matembele yakanyauka, kisha yakakauka. Ndipo siku moja mpishi alinisimamisha mlangoni pa stoo, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, mama."

"Nani alikushauri hii ngoma?"

"Nilijishauri mwenyewe. Si mnalimia ngoma huku?"

"Tunalimia. Lakini mwenye shamba akiita ngoma, chungu kiko motoni tayari na mbuzi ameshachinjwa. Watu wanakula mpaka wanalala palepale, na hakuna anayewaambia washike jembe tena. Wewe unaita ngoma kila siku. Umechinja nini?"

Akafungua mlango. Sikuhitaji kuingia ili kuona kwamba unga ulikuwa karibu kwisha.

Ngoma haimpi mtu nguvu. Inamtoa mawazo kwenye mwili wake, basi. Mwili unatumika vilevile, au zaidi, ila hasikii. Ngoma ikinyamaza, mwili unasema yote kwa pamoja: nipe chakula, niache nilale. Mahali penye chungu kilichojaa hakuna ubaya. Sisi hatukuwa na chungu hicho.

Nilirudisha ngoma siku hiyohiyo. Asubuhi iliyofuata binti akaanza wimbo bila ngoma, na miguu ikaanza kuchangamka nyuma yake. Nikamkaripia.

"Nyamaza! Kimbieni kimya."

Akageuka kunitazama, mdomo bado wazi. Sikumweleza kitu. Mimi ninayeeleza kila jambo sikuthubutu kumwambia kwamba sauti yake ndiyo iliyokuwa ikimaliza unga wa kumweka shuleni.

Haikusaidia tena. Baada ya siku chache mkuu wa shule alitangaza kwamba shule inafungwa mpaka chakula kipatikane. Lori la kwenda ziwani lilipoondoka, wanafunzi waliokuwa nyuma walimwita binti awaimbishe. Aliniangalia mimi niliyesimama getini. Nilimwitikia kwa kichwa, ndiyo, imba. Akainama, akajifunga kanga vizuri, akanyamaza. Waliondoka hivyo.

Shule ilifunguliwa wiki chache kabla ya mtihani. Yeye hakurudi. Nilimfuata Nkome, nikashuka lori njia panda alfajiri na kutembea hadi jua la adhuhuri, kila hatua nikipanga maneno ya kumwambia baba yake. Aliitikia salamu yangu kwa upole. Hakunipa nafasi ya kuyasema.

"Nilikwambia, mwalimu. Yuko kwa mume wake."

Kisha akaagiza niletewe chakula. Njia nzima sikuwa nimesikia njaa. Ilinijia ugali na sato vilipowekwa mbele yangu, ikanijia yote kwa pamoja. Nikanawa. Nikala nikamaliza, nikafyonza na miba, baba yake akinitazama.