Kuvuta na Kunusa

Sijui kama haya yanafaa kuandikwa. Nimesoma hadi darasa la saba na maneno hunichenga. Lakini shida yangu yenyewe ilitokana na neno, kwa hiyo nitajaribu.

Kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto kilianza kuwa cheusi. Daktari alikibonyeza akasema mishipa inaziba. "Achana na tumbaku. Usipoacha tutakikata, na sijui tutaishia wapi." Mimi ni fundi wa mabasi hapa Sakina, kazi yangu ni kuchuchumaa na kulala chini ya gari. Fundi wa mguu mmoja sijawahi kumwona. Daktari alisema tumbaku, mimi nikasikia sigara. Kosa si lake, alitamka vizuri.

Gereji yetu inatukatia bima. Bima wakanipa plasta za kubandika begani, zile za kupunguza hamu, na mshauri wa kunipigia simu kila wiki. Binti mpole. "Shikamoo baba. Wiki hii umevuta?" Mwanzoni nilimwambia nimevuta, na hakunigombeza hata mara moja. Baadaye nikawa nasema sijavuta, na ilikuwa kweli.

Ndipo tukapanda kwa wakwe zangu, mlimani juu ya Tengeru. Kabla hata ya chai, baba mkwe alifungua kikopo chake cha ugoro akanisogezea. Kwao kukataa ugoro wa mkwe ni kama kukataa mkono wake. Nikanusa kidogo. Nilijiambia ugoro ni dawa ya mafua, hata bibi yangu alikuwa akisema hivyo. Haukupita muda, nikawa na kikopo changu mwenyewe kwenye mfuko wa ovaroli.

Mwenzangu wa gereji alinisikia nikipiga chafya chini ya basi. "Mzee, umeacha mke ukaoa mdogo wake."

Nikacheka naye. Daktari hakucheka. Weusi ulikuwa umepanda, na yeye akawa ananiangalia pua. "Unadhani ugoro wanasaga nini? Mchicha?" Akasema plasta zilezile zingeweza kunisaidia, niendelee nazo, niwaambie watu wa bima.

Basi simu ilipokuja nilisema yote. "Sijavuta, lakini nanusa ugoro. Nimejaribu kuuacha, nimeshindwa."

Binti akaniuliza, "Ila sigara hujavuta?"

"Sijavuta."

"Basi hongera baba. Mfumo unaniuliza kuvuta tu, ndiyo au hapana."

"Na plasta?"

"Ulizonazo ndizo za mwisho. Mwanachama akishaacha tunamfunga."

Alimaanisha wanafunga faili lake. Mimi nilisikia kama alivyosema.

Nikamwomba awaulize wakubwa wake. Aliuliza kweli, namshuhudia, akanipigia tena jioni ile. "Wanasema ugoro haumo. Ila leo sijakufunga, baba. Kesho nitakuuliza mara ya mwisho. Ukae ufikirie." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananionyesha njia au ni upole wake tu. Sitaki kumsingizia.

Nilifikiria. Plasta zinatoka kwenye michango yetu sote, wakiwemo wenzangu wa gereji ambao hawajawahi kugusa sigara. Nikisema uongo nawaibia. Nikisema kweli, mguu wangu unaenda kwenye msumeno, na hao hao ndio watakaochangia gharama ya kuukata. Mke wangu aliniona nimeinamia chakula bila kula. "Tumbaku ilikuwa inaingia kwa mdomo, sasa inaingia kwa pua," akasema. "Wewe unabishana na mlango, mwizi yuko ndani." Alikuwa sahihi. Lakini yeye siye aliyetakiwa kujibu simu.

Kesho yake ilinikuta chini ya basi. Nikajivuta kwa mgongo hadi kwenye mwanga, nikafuta grisi mikononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Umevuta?"

Nilivuta pumzi kwanza. Sigara nilikuwa nimeshasahau hata ladha yake.

"Nimevuta."

"Pole, baba," akasema, nami nikasikia vidole vyake vikibofya. "Usikate tamaa. Tunaanza upya, njoo uchukue plasta."

Nikamshukuru. Nikarudi chini ya basi nikiwa mvutaji, kikopo kikinigusa paja kila nilipojigeuza.