Viti Nilivyovipaka Mafuta ya Samaki

Aibu hii ni yangu na nitaisema mwenyewe, maana huku Changamwe nikinyamaza wataisema wengine na watatia chumvi. Mwaka wa sabini na nne, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alifariki, shule ikaishia darasa la tatu, nikasimama na mama kule Kipevu tukiwakaangia samaki makuli wa bandarini, na tangu hapo mafuta kwangu hayamwagwi. Yakishachoka kukaangia nayachuja kwa kitambaa, natia kwenye dumu, mengine napaka bawaba za milango, mengine mke wangu anapikia sabuni (povu linatoka vizuri, ile harufu mtu huizoea).

Sasa binti yangu Rukia akapata mchumba, kijana wa Likoni, watu wa ukoo, baba yake ni Maalim wa madrasa, na mimi nilikuwa nimeshasikia ami yake kijana anauliza watu, "Hivi tutaoa kwa muuza samaki?" Wakaleta habari kwamba Ijumaa baada ya alasiri watakuja kutoa neno lao la mwisho. Nikavitazama viti vyangu vya mbao pale sebuleni, vimepauka kama magoti ya mtoto, nikasema vanishi ya nini na dumu ninalo.

Mke wangu akanambia, "Baba Rukia, mafuta ya kupikia hayakauki. Yatanata."

"Nyumba hii nani aliyeijenga?"

Akarudi zake jikoni, mabega yakinicheka.

Nikapaka, nikaanika juani kutwa, vikang'aa wallahi, ukivigusa vikavu kabisa. (Sikujua kwamba mbao huyameza yale mafuta zikangoja mtu akae na joto lake ndipo ziyateme.)

Wakaja wanne, Maalim na yule ami wakiwamo, kanzu nyeupe mpaka zinaumiza macho, wakakaa. Udi ulikuwa unafuka nyumba nzima, harufu haikujulikana, ila paka wakaanza kuingia, mmoja, wa pili, hata wengine ambao sijapata kuwaona mtaani, wanalamba miguu ya viti na kujisugua kwa raha zao. Maalim akainua miguu yake.

"Mzee, paka wenu wakarimu."

"Wamezoea wageni," nikasema, na jasho linanitoka.

Neno lenyewe halijatajwa, magharibi ikaadhiniwa, tukaenda msikitini, wageni kwa heshima yao wakapewa safu ya mbele na mimi nikasimama nyuma yao. Tulipoinama tu nikaona (najua macho yangu yalipaswa kuwa kwingine). Kila kanzu, pale pa kukalia, ina mistari mitatu ya rangi ya chai, sawasawa na mbao za kiti, kama nyama iliyotoka kwenye wavu wa mkaa! Swala ile sijui niliswali nini, Mungu anisamehe.

Baada ya salamu jirani yangu Mzee Kombo akaninong'oneza, "Wale wageni wa nani?"

"Wangu."

"Umewakalisha kwenye karai?"

Ami naye akajipapasa nyuma, akanusa vidole. "Samaki! Sikuwaambieni mimi?"

Nikajua posa imekwisha, na Rukia, anavyompenda yule kijana, hatasema nami tena.

Tuliporudi walisimama uani, hakuna anayetaka kukaa. Mke wangu akaona, akamwambia Rukia, na Rukia akatoka amejitanda mtandio, kabeba vikoi, mimi hakunitazama hata kidogo.

"Shikamoo baba. Ingieni chumbani mbadilishe, kanzu nizifue sasa hivi kabla madoa hayajashika." (Kwa sabuni ya dukani, si yangu.)

"Marahaba mwanangu," Maalim akasema.

Wakatoka na vikoi na fulana, kikoi cha ami kimemfikia magotini na tumbo liko nje.

"Twende zetu, ndugu yangu," ami akasema.

"Twende na nini? Kanzu ziko kwenye beseni la binti wa watu," Maalim akasema, akamtazama yule ami toka juu mpaka chini, akaangua kicheko mpaka akakaa mwenyewe mkekani.

Basi tukala wali, tukapiga soga kama watoto wa nyumba moja, na kabla ya isha Maalim akatoa neno: "Mtoto aliyetusitiri hivi tukimwacha, wajinga ni sisi. Lakini mzee, siku ya harusi tutakaa chini."

Tangu siku ile dumu langu ni la sabuni na bawaba tu, na mke wangu akinambia hiki hakikauki, nakubali hakikauki. Leo nina nyumba ya vyumba sita, meza mbili za samaki Kipevu, tuktuk moja, mkwe, mjukuu wa kike, na viti kumi na viwili vya plastiki.