Gitaa Jipya la Shoto

Jina lake la kwenye vyeti hakulitumia mtu. Kwa wateja, kwa majirani, hata kwa wakwe zake, alikuwa Shoto tu, kwa sababu nyundo aliishika kwa mkono wa kushoto, mkasi hivyohivyo, na gitaa alilipiga kinyume na dunia nzima. Kazi iliyomlisha ilikuwa kuvalisha viti. Makochi yaliyochoka yaliingia karakanani kwake matumbo nje, yakatoka yana sponji ngumu na kitambaa kipya, mwenyewe akija kulichukua lake anasita kulikalia. Mwisho wa wiki Shoto alipiga gitaa kwenye harusi na sherehe za maofisini, yeye na shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyepiga kinanda na kujua bei ya kila kitu.

Huo upigaji wake lazima nieleze, maana kisa chote kimekaa hapo. Alijifunzia gitaa la baba yake, mtu wa mkono wa kulia, mkali kwa vitu vyake, ambaye hakutaka kabisa nyuzi zake zihamishwe. Ukitaka kupiga, piga zilivyo. Mtoto akaligeuza gitaa juu chini. Nyuzi nene zikashuka upande wa magoti, nyembamba zikapanda upande wa kidevu, naye akazoea hivyo mpaka akaota ndevu. Wapo magwiji waliopiga namna hiyo, Albert King na Dick Dale, na Shoto aliwataja kila alipochekwa. Ila picha aliyoibandika ukutani karakanani ilikuwa ya Jimi Hendrix. Naye alipiga kwa kushoto na aliligeuza gitaa la watu wa kulia, lakini nyuzi alizihamisha, zikakaa kwa mpangilio ule wa kawaida. Ni tofauti ndogo sana kwa macho. Mke wa Shoto aliitazama picha ile miaka nenda miaka rudi na hakuiona tofauti hiyo.

Mke huyo alikuwa muuguzi. Wodini walimwogopa kidogo na kumpenda sana, na sasa alikuwa anastaafu. Jumamosi wangemuaga kwenye ukumbi wa hospitali, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu: mume wake ampigie ule wimbo aliokuwa akimpigia enzi za uchumba. Bahati mbaya kochi la watu watatu lilikuwa limeliangukia gitaa la zamani na kulivunja shingo, ikawa hakuna cha kupigia.

Basi Jumapili ya kabla yake, watoto na ndugu wakiwa wamejaa sebuleni, mama huyo akaingia amebeba boksi refu kama jeneza la mtoto wa mamba. Ndani yake kulikuwa na gitaa la Fender, jipya, jekundu, jina limeandikwa kichwani kwa ule mwandiko wa mbwembwe ambao Shoto alikuwa akiuchora kwenye madaftari tangu shuleni.

"Fenda!" shemeji alipiga kelele. "Orijino! Hebu msiliguse na mikono ya mafuta!" Akatoa leso mfukoni ndipo akalishika.

"Dukani lilikuwa hili moja tu la watu wa mashoto," mkewe alisema, uso unawaka kwa furaha. "Kama la huyo mtu wako wa ukutani. Haya baba watoto, tupigie kidogo."

Shoto alilipokea, macho yamemjaa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Akalikalisha pajani. Akaweka vidole mahali vinapokwenda kila siku, akapiga, na kilichotoka kilimfanya mtoto mdogo aliyekuwa pale chini azibe masikio.

Lilikuwa gitaa la mashoto hasa, limetengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye, kila kitu kipo panapostahili. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Uzi mnene ulikuwa juu. Dole gumba lilikwenda kutafuta sauti nyembamba likaparamia besi, vidole vingine vikatafuta besi vikakuta nyembamba. Ilikuwa kama kuambiwa uandike jina lako kwa kuanzia herufi ya mwisho, watu wanakutazama.

"Halijakaa sawa," alisema. "Jipya lazima lizoee."

Wote wakaitikia kwa kichwa. Shemeji akafafanua kwamba vitu vya majina makubwa ndivyo vilivyo, havikubali mtu haraka.

Kuanzia Jumatatu Shoto alijifungia karakanani kila alipopata upenyo. Alijaribu. Wallahi alijaribu. Mwanzo wa ule wimbo, alioupiga nusu ya maisha yake bila kutazama, sasa ulimtoa jasho kama anapandisha kabati ghorofani. Angeweza kuzigeuza nyuzi, lakini kuzigeuza kulihitaji kutoa kile kipande cha mfupa kilichopo shingoni, chenye mifereji ya kupitishia nyuzi, na kuchonga kingine, maana uzi mnene hauingii mfereji mwembamba. Alipomdokeza shemeji, kwa mafumbo, kwamba kuna jamaa fulani anafikiria kufanya hivyo, shemeji alishika kichwa. "Huyo jamaa yako hana akili! Likiguswa tu si orijino tena. Jina limekufa."

Shoto hakuogopa jina kufa. Alimwogopa mke wake, siyo kwa ugomvi, bali kwa ule uso wake wa Jumapili. Mwanamke kajinyima, kaficha siri, kaenda dukani peke yake kuulizia vitu asivyovijua, kakosea kwa mapenzi matupu. Utaanzaje kumwambia zawadi yako haipigiki? Na usipomwambia, Jumamosi utamwaibisha mbele ya madaktari wake wote.

Alhamisi akili yake ikampa suluhisho la kitoto. Alizungushia bandeji kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile kinachokandamiza nyuzi, akaenda mezani kula akiwa na uso wa mgonjwa.

"Sindano ya viti," alisema. "Imeingia mpaka ndani. Sijui kama Jumamosi nitaweza."

Sasa wewe msomaji niambie, mtu mwenye akili timamu anamdanganyaje muuguzi kwa bandeji? Mama alisukuma sahani pembeni, akauvuta ule mkono, akafungua bandeji bila haraka. Kidole kilikuwa kizima, kisafi, hata mkwaruzo hakina.

Shoto alingoja kufokewa. Mkewe hakufoka. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Tabasamu," alisema.

"Nini?"

"Nimesema tabasamu, baba watoto. Onyesha meno."

Shoto akaonyesha meno.

"Nyanyua mikono yote miwili. Funga macho. Usiishushe mpaka nikwambie." Akanyanyua. "Haya, leo siku gani, na mimi ni nani?"

"Leo Alhamisi, na wewe ni mke wangu unayenitisha. Kuna nini?"

Mama alijiachia kitini kwa uzito. "Juzi nilikuletea chai karakanani. Nikasimama mlangoni. Nikakuona unaupiga wimbo wetu na vidole havikusikii. Unaanza, vinapotea, unaanza tena, vinapotea. Mimi nimezeekea wodini, mume wangu. Nakijua kiharusi, najua mkono unavyoanza kumkataa mwenyewe. Nikarudi na chai yangu. Na sasa unaficha, kama wanavyoficha wote." Akaushika tena ule mkono. "Niambie ukweli. Umeanza lini?"

Shoto aliona aibu iliyomchoma kuliko sindano yoyote. Yeye alikuwa analinda furaha ya mwenzake, na mwenzake huyo siku zote hizo alikuwa anamuuguza kimoyomoyo.

Akamwambia yote bila kupumua: baba yake, gitaa lililogeuzwa, nyuzi nyembamba juu, nene chini, yule wa ukutani aliyezihamisha na yeye asiyezihamisha.

"Kwa hiyo huumwi?"

"Siumwi."

"Ni nyuzi tu?"

"Nyuzi tu. Gitaa halina kosa, mimi ndiye nimekaa kichwa chini."

Mama alifunika uso kwa ile bandeji, mabega yakamtikisika, na Shoto hakujua kama analia au anacheka mpaka alipompiga nayo kichwani. Alikuwa anafanya vyote viwili. "Mjinga wewe," alisema. "Mjinga mkubwa. Nimekuzika mara tatu wiki hii!" Halafu akamkumbatia hapohapo, kiti kikaanguka, nao hawakukiokota.

Shemeji alipofika jioni na kusikia nyuzi zinageuzwa, alikuja juu. "Dada, fikiria thamani yake!"

"Mdogo wangu, mimi sikununua jina nilibandike ukutani. Nilinunua ili mtu wangu apige. Mpe nafasi afanye kazi."

Shoto akachonga mfupa mpya kwa tupa yake nyembamba kuliko zote, akageuza nyuzi, akazikaza. Shemeji aliangalia pembeni kama anayechomwa sindano, kisha akauomba ule mfupa wa zamani, akaufunga kwenye leso na kuondoka nao. Walimwacha, kila mtu ana msiba wake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Daktari mkuu alihutubia kwa kirefu, wauguzi vijana wakalia, halafu Shoto akapanda jukwaani na Fender lake jekundu. Wimbo ulitoka wote, laini, hakuna kilichopotea, na shemeji kwenye kinanda akasahau kununa. Waliokaa karibu na mstaafu walisema baadaye kwamba hawajawahi kuona mke anayeusikiliza wimbo wa mumewe kwa makini namna ile. Hakuwa anausikiliza. Alikuwa ameinama mbele, anavitazama vidole, kimoja kimoja, mpaka akaridhika kwamba vyote vipo kazini.