Mkebe wa Pilipili Mlangoni kwa Mama Chebet

Harufu ninayoikumbuka kwanza ni ya majani ya chai yanayonyaushwa kiwandani. Ilishuka kila asubuhi pamoja na ukungu ikatuingia hadi kwenye blanketi. Lakini mlangoni petu palikuwa na harufu nyingine, ndogo na kali, ya majani ya pilipili yaliyoguswa na mkono wa Mama. Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi karibu na Kericho, Baba akifanya kazi kiwandani na Mama akichuma chai. Udongo wote ule mwekundu, mnono, haukuwa wetu. Nyasi mbele ya nyumba zilifyekwa fupi, na nyapara hakutaka kuona hata shina moja la sukuma wiki. Isitoshe, nyumba uliyopewa leo, mwakani ungeweza kuhamishwa. Kwa hiyo Mama alipanda pilipili zake kwenye vyombo: mikebe ya mafuta ya kupikia, debe la rangi, sufuria iliyotoboka. "Mgeni hupanda kitu anachoweza kubeba," alikuwa akisema.

Mbegu zilitoka kwa mama yake mzazi, tuliyemwita Dani, aliyeishi kule karibu na ziwa. Zilikuwa pilipili ndogo zilizosimama zikitazama juu na, haki ya Mungu, ziliwaka! Baba hakula samaki bila hizo. Alizisaga kwa chumvi huku akivuta kamasi na kudai ni mafua. Za sokoni Mama alizidharau kabisa. Kila msimu alikausha chache, akaotesha mbegu zake upya, na aliponyunyiza maji alizungumza na miche kwa Kijaluo, lugha ya kwao. Nilidhani anajisemea tu. Sasa najua alikuwa akizungumza na mama yake.

Maziwa tuliletewa na Mama Chebet, mama wa Kikipsigis ambaye shamba lake lilikuwa ng'ambo ya kijito. Mama alimpenda, na mwaka mmoja akampa mkebe mzima wenye mche unaochanua. Mama Chebet aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda nao kifuani. Mimi nilicheka kimoyomoyo, kwa maana nilikuwa nimekula kwake mara nyingi na nilijua kwamba chumvi iliwatosha.

Nilikuwa na miaka kumi Dani alipofariki. Mama alienda mazishini akaniacha na Baba kwa sababu ya mitihani. Mbegu zote za akiba alikuwa ameshazipanda, na kwa Dani zilikuwa zimekwisha tangu alipozeeka, kwa hiyo miche ile ndiyo ilikuwa yote. Kabla ya kuondoka aligusa mkebe mmoja mmoja. "Atieno, maji kidogo asubuhi. Basi." Hilo neno "basi" ndilo ambalo sikulisikia. Wiki hiyo wafanyakazi walikuwa wakitia mbolea kwenye chai, nami nilikuwa nimeona mara nyingi jinsi chai inavyonawiri baada ya hapo. Nikajiambia, Mama atarudi na huzuni yake akute pilipili zimenifika kifuani, afurahi. Nilienda kukung'uta magunia matupu ya mbolea yaliyoachwa kando ya barabara, nikapata chembechembe za kutosha, nikaipa kila mche konzi nzima. Siku ya tatu majani yalianza kuungua ukingoni. Nikadhani ni njaa. Nikaongeza! Mchai una mizizi mirefu na nafasi ya kuikimbiza; mche ulio ndani ya mkebe hauna pa kukimbilia. Mama aliporudi, vilibaki vijiti vikavu.

Nilimweleza yote kabla hajatua mzigo. Aliketi kwenye kizingiti akiwa bado na leso yake ya safari kichwani, akavunja kijiti kimoja, akakitazama. "Nimemzika mara mbili, Atieno," alisema. Heri angenichapa. Nilibaki nimesimama pale nikilia.

Kesho yake Mama Chebet alikuja na maziwa na kutoa pole. Aliiona ile mikebe, akaniuliza, nikamwambia. Akageuka na kuondoka upesi. Nilifikiri amechukizwa na mtoto mpumbavu. Kumbe alirudi saa nzima baadaye amekumbatia ule mkebe wake wa mwaka uliopita. Mche ulikuwa umegeuka kichaka, na pilipili zake zote, nyekundu, nyingine zimejikaukia, zilikuwa bado ziko pale.

"Hukuchuma?" Mama aliuliza.

Mama Chebet aliona haya. "Usikasirike, Mama Atieno. Hii kitu inachoma sana! Chebet alionja moja akalia mpaka jioni. Lakini wewe ulinipa na roho safi, sasa ningetupa aje? Niliweka tu kwa mlango, kama maua."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha kicheko kikageuka kilio, na Mama Chebet akamshika. Wahenga waliuliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Mimi nimekuwa mtu mzima nikilifikiria swali hilo. Yule mama aliimwagilia maji mwaka mzima pilipili asiyoila, kwa ajili tu ya mkono uliompa, na angekuwa mlaji tungekosa hata mbegu.

Siku hizi nafundisha katika shule moja huko Sigor, nina kipande changu cha ardhi na hakuna nyapara. Duka la pembejeo lina mbegu kwenye pakiti zinazong'aa, na simu itakwambia kiasi cha mbolea; laiti ningekuwa nayo wakati ule! Hata hivyo sijawahi kununua pakiti. Naishi na Mama, ameshazeeka, na bado anapanda kwenye mikebe ingawa udongo ni wetu. Kila mwaka kabla ya mvua hunituma kwa Mama Chebet na mche mpya, nami hurudi na pilipili kavu za mche wa zamani. Juzi nilirudi nikamkuta Mama ananisubiri mlangoni. Hakuuliza habari za safari.

"Ameanza kuzila?"

"Bado, Mama."

Alishusha pumzi, akanyoosha mkono apokee. "Mungu ni mwema."