Jina Nililolinyamazia Kaburini

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa Shaabani, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso huniwaka. Nasikia umeanza kutafuta habari za ukoo wetu, unazunguka ukiuliza karatasi za zamani ziko wapi. Jambo jema. Lakini kabla hujafika mbali, kaa nikwambie kwa nini upande wa bibi yangu hutapata kitu. Usiwasingizie mchwa, wala mvua. Ni mimi.

Wakati huo Mwingereza angalipo, nami nilikuwa karani mdogo bomani Bagamoyo. Nilikuwa na suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na kalamu ya wino mfukoni hata nikienda kuswali, ili watu wajue. Nilikuwa nimemposa binti wa Mzee Shomari, mfanyabiashara wa mbata, mwenye nyumba ya mawe mjini. Mzee alinipokea vizuri, akaniitishia kahawa, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Marehemu baba yako nilimjua. Lakini mama yake, yule bibi yako wa Mlingotini, asili yake ni wapi? Kama kuna maandishi yoyote, niletee niyaone."

Nikadhani ananipima. Siku zile mjini petu kila mtu alikuwa na babu aliyetoka Shirazi au Hadhramauti. Ungedhani huko bara hakupata kuzaliwa mtu. Nikajiambia, nikikosa babu wa namna hiyo, mke nimemkosa.

Bibi yangu huyo, Bibi Mashavu, ndiye aliyenilea baada ya baba kufa. Alikuwa akiishi peke yake Mlingotini, akisuka mikeka. Siku hiyo ya Shaabani nilimkuta uani, chane za ukindu zimemzunguka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umeikumbuka njia?"

Nikamwambia natafuta maandishi ya ukoo. Kusema kweli nilitumaini aniambie hana, nami nirudi nikatunge yangu. Badala yake aliinuka upesi kuliko umri wake, akaingia ndani, akatoka na kipande cha kaniki kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya Mdachi yenye muhuri wa ndege. Kilikuwa cheti cha uhuru. Bibi yangu alikuwa mtumwa. Aliletwa pwani akiwa mtoto, akatumikishwa katika nyumba moja ya mjini, kisha akaachwa huru na kupewa cheti kile katika boma lile lile nililokuwa nikiringia.

"Igeuze nyuma," akaniambia. "Siku ile karani mmoja Mswahili alituonea huruma, akaandika kwa herufi za Kiarabu jina la mama yangu na kijiji chetu. Alimuuliza mwanamke mtu mzima tuliyeletwa naye, maana yeye alimjua mama. Mimi nilimwita mayu tu. Mtoto hamwiti mamake kwa jina. Nilisomewa siku ile moja. Baadaye nikaolewa, nikaificha, na jina likanitoka. Nimengoja miaka yote mmoja wenu aniulize. Haya, nisomee. Nilisikie kabla sijafa, nawe ulishike, maana maalimu atakuja kuliuliza."

Ulijue hili, mwanangu. Kwetu maiti akishafukiwa, maalimu huketi penye kaburi akamsomea talkini, na humwita kwa jina lake na jina la mama yake. Ambaye mama yake hajulikani huitwa mwana wa Hawa, kwa kuwa Hawa ni mama yetu sote. Bibi hakuwa na hofu ya kifo. Alichokiogopa ni kuitwa kwa jina la mama wa watu wote, na yeye alikuwa na wake.

Nilisoma kimyakimya. Wino ulikuwa mzima kabisa. Nyamizi binti Kalunde, ndivyo ilivyoandikwa, Nyamizi ni bibi mwenyewe kabla hajaitwa Mashavu, na Kalunde ni mama yake, kisha jina la kijiji, huko Unyamwezi. Nikaiona posa yangu inavunjika. Nikasema, "Bibi, maandishi yamefutika."

Akainama, akaitazama. "Mbona wino nauona?"

"Unaonekana, lakini hausomeki. Nitaipeleka bomani, wana kioo cha kukuzia."

Akaniamini. Mwanangu, angenibishia ningepata nafuu, lakini aliniamini, akanisindikiza mpaka njiani akiniombea dua. Nje ya kijiji watu walikuwa wakichoma chokaa. Nikasimama kama mtu anayetaka kuwaamkia, nikaitia karatasi katika tanuri. Iliungua kabla hatujamaliza salamu. Kisha nikarudi mjini nikamwandikia Mzee Shomari nasaba ndefu ya uongo, mababu wanane, wote watu wa ng'ambo na wote matajiri. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu niliipamba kwa mwandiko mzuri.

Mzee aliisoma, akaikunja, akasema, "Ahsante."

Mara mbili bibi aliniuliza habari ya karatasi yake, mara mbili nikamwambia wazungu bado wanaitazama. Hakuniuliza mara ya tatu. Aliugua siku chache tu, akafariki.

Watu wengi walikuja kuzika, wa Mlingotini na wa mjini. Mzee Shomari alisimama karibu yangu. Tulipokwisha kufukia, maalimu akaketi, akageuka kwangu. "Mama wa marehemu akiitwa nani?"

Jina lilikuwa ulimini. Kalunde. Nikamtazama Mzee Shomari, nikavitazama viatu vyangu, nikasema, "Hajulikani."

"Basi, Mashavu binti Hawa," akasema maalimu, akaanza kusoma.

Baada ya khitima Mzee Shomari alinivuta kando, akaniuliza karatasi ya bibi iko wapi. Nikajifanya sielewi karatasi gani. Hakukasirika. Akaniambia, "Kijana, mama yangu na bibi yako waliletwa pamoja, wote wawili watoto wadogo, kutoka kijiji kimoja, na vyeti walipewa siku moja, meza moja. Cha mama yangu ninacho kashani, lakini nyuma hakina kitu. Karani aliandika jina la kijiji katika cha Mashavu peke yake. Mama aliniusia nikaliulize. Miaka yote niliona haya, mtu wa nyumba ya mawe, kumwendea mtu kumuuliza mambo ya utumwa. Ulipokuja kuposa nikaona Mungu amenipa njia. Sikuwa nakupima, nilikuwa nakuomba. Kijiji kinaitwaje?"

Nilijaribu kukumbuka. Wallahi nilijaribu mpaka jasho likanitoka. Jina la Kalunde lilinikaa, la kijiji nililipitia juu juu, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuona aibu. Nikamweleza yote, mpaka tanuri la chokaa. Akasema, "Mwacha asili ni mtumwa. Bibi yako aliachwa huru. Wewe nani atakuandikia cheti?"

Binti yake alinioza, maana ahadi alikwisha kuitoa. Jambo lile hakulitaja tena mpaka anakufa, na kila nilipompa shikamoo nilitamani anitukane, tuwe tumemaliza.

Nilitafuta nakala. Nilipekua madaftari makuukuu ya Mdachi stoo ya boma mpaka mafua yakanishika kwa vumbi, nikafuata mengine Dar es Salaam. Nilichopata ni mstari mmoja: Mashavu, mwanamke, na umri wa kukisia. Jina la bwana aliyemmiliki limeandikwa kamili, yeye na baba yake na babu yake. La Kalunde halimo. Waliosema majuto ni mjukuu walinijua kabla sijazaliwa.

Basi, mwanangu, ukitafuta wazee wako, anza na walio hai. Daftari litakungoja, bibi hakungoji. Ukipewa karatasi, igeuze, kwa kuwa mbele huandika serikali na nyuma huenda akawa ameandika mtu aliyekuhurumia. Isome kwa sauti mbele ya aliyekupa, hata ikikuchoma, kwani ni yake kabla hujaiita yako. Inakili siku hiyo hiyo, uiache ilipokuwa. Na utakapokutana na mtumwa, au mwizi, au mtu aliyekimbia kwao, mwandike kama ulivyomkuta. Mababu wa kujichagulia mimi ninao wanane, na hakuna hata mmoja aliyepata kunibeba mgongoni.

Mola akupe macho ya kusoma na ulimi wa kusema ulichokisoma. Akufungulie njia uwapate watu wa Kalunde, popote walipo huko Unyamwezi. Wakikuuliza mtoto wao alikuwa wapi siku zote hizi, usinisitiri. Wape jina lake, kisha wape na langu. Amin.